Nati Saba na Kamba Zake

Mjomba wangu hajawahi kunipigia simu akaanza na habari za watoto. Huanza na nati zake. Huuliza kama ziko, nami hujibu kuwa ziko, ndipo tunapoingia kwenye mvua, mahindi, na nani amelazwa hospitalini. Kwa miaka saba nilijibu hivyo bila hata kwenda kutazama, kwa sababu nilijua zilipo: kwenye msumari wa ukuta wa stoo, juu ya betri ya sola, mahali ambapo panya hafiki na mwizi hawezi kudhani kuna kitu cha maana.

Ni nati za kawaida za chuma, za kufungia mitambo. Kila moja ina kamba ya nailoni iliyopitishwa katikati na kufungwa fundo, ikawa kitanzi cha urefu wa mkono. Mgeni akiziona atadhani ni takataka za fundi wa trekta. Lakini nati hizo zilimpandisha mjomba kwenye mwamba ulio mrefu kuliko jengo lolote la ghorofa mjini Kakamega. Siku moja zilinizuia mimi nisife. Na mwaka huu zilikaribia kumuua binti yangu, na kosa hilo ni langu, si lao.

Nianze na mwenye nati. Mjomba ni ndugu mdogo wa marehemu mama yangu. Kwetu tunamwita khotsa, na khotsa si mtu wa kuchezewa. Akija nyumbani kuku anachinjwa hata kama ni yule anayetaga. Habari mbaya haisemwi mpaka amalize kula. Akikupa kitu, hukikatai, hukiuzi, hukigawi. Mimi niliongeza sharti jingine kichwani mwangu ambalo hakuna aliyenifundisha: kwamba hukibadilishi pia. Hapo ndipo nilipojichimbia shimo.

Kupanda miamba alikuanza akiwa shuleni, kwa sababu ya mwalimu wa hesabu, Mzungu mmoja mrefu asiyekuwa na la kufanya siku za Jumapili mchana. Vifaa vya mwalimu vilikuwa misumari bapa ya chuma yenye tundu kichwani, na nyundo. Unajifunga kamba kiunoni, mwenzako anaishika upande wa pili akiwa chini. Unapanda kidogo, unapigilia msumari kwenye ufa wa jiwe, unapachika kamba pale kwa pete yenye mlango wa springi wanayoiita karabina, unaendelea. Ukianguka unashuka mpaka usawa wa msumari na kupita kiasi kile kile, halafu kamba inakudaka. Kazi ya mjomba ilikuwa kubeba nyundo, na baadaye, mwalimu alipoona kijana ni mwepesi kuliko yeye, kupanda mbele.

Mwamba wenyewe uko kusini mwa mji, nyuma ya boma la familia moja. Mama mwenye shamba alikuwa na tabia ya kuanika wimbi wake kwenye jiwe bapa chini ya mwamba, maana hakuna mahali pengine panapokauka upesi hivyo katika nchi hii ya mvua za kila alasiri. Kila walipopigilia msumari, vipande vya jiwe vilibanduka vikaanguka kwenye wimbi. Mtu aliyewahi kusaga wimbi wenye changarawe atanielewa. Siku moja mama yule aliwangoja chini, akamnyang'anya mjomba nyundo mkononi, akasema wanaweza kupanda mpaka wachoke, lakini nyundo kwenye jiwe lake ni mwisho. Baadaye watu walitunga kwamba lilikuwa jiwe la mvua na kwamba aliogopa laana. Mjomba hucheka akisikia hivyo. Aliogopa changarawe kwenye uji.

Mwalimu akarudi kwao. Mjomba akaajiriwa kiwanda cha sukari, idara ya mitambo, na kwa muda mrefu hakupanda chochote zaidi ya ngazi za kiwanda.

Halafu ikatokea asubuhi moja kwenye mashine ya kukamua miwa. Nati ililegea ikaanguka kwenye mwanya kati ya vipande viwili vya chuma, mwanya mpana juu na mwembamba chini. Mafundi wakapitisha waya kwenye tundu la nati wakavuta. Kadiri walivyovuta kuelekea chini ndivyo ilivyozidi kubana. Wakaning'inia wawili kwenye ule waya, nati haikutingishika. Msimamizi alitukana, miwa ikarundikana uwanjani, kila mtu alikasirika isipokuwa mjomba, aliyesimama pale akitabasamu mpaka wakadhani amerukwa na akili. Ndipo alipoipata. Ufa wa mwamba nao ni mpana hapa na mwembamba pale. Ukidondosha nati kwenye mpana na kuivuta chini mpaka kwenye mwembamba, haihitaji nyundo. Na ukitaka kuitoa, unaigonga kidogo kutoka chini, inatoka kama ilivyoingia, jiwe halijui kama ulipita.

Alianza kuokota nati kwenye vyuma chakavu. Kila moja aliitoa meno ya ndani kwa tupa ya mviringo, kwa sababu meno yale yangekata kamba. Hakuzipa majina, aliziita kwa spana zake: kumi na tatu, kumi na saba, kumi na tisa, ishirini na nne, thelathini, thelathini na sita, na ile kubwa kuliko zote iliyokuwa haina spana, aliyoiita mama mkwe. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba huko Uingereza nao wapandaji waliwahi kuokota nati kando ya reli na kufanya vivyo hivyo. Nikampelekea habari hiyo nikidhani itamfurahisha. Akauliza kama kuna mtu wa kiwandani aliyewahi kuhamia Uingereza.

Mimi nilianza kumfuata nikiwa nasomea ufundi Sigalagala. Tulikuwa wasichana wawili darasani, na mdomo wangu ulikuwa mkali, kwa hiyo watu walishazoea kuniona mahali wasiponitarajia. Mama alilalamika kwamba hakuna atakayeoa msichana anayening'inia kwenye jiwe akiwa amevaa suruali. Mjomba alimjibu kwamba atakayeogopa suruali hatufai. Aliolewa huyo msichana, ingawa bwana hakudumu, na sababu haikuwa suruali.

Nilipokuwa na miaka kumi na tisa nilianguka. Nilikuwa juu, mahali ambapo ufa unapinda kushoto na mguu unatafuta pa kukaa haupati. Mkono ulilowa jasho ukateleza. Nakumbuka nilimwona mwewe, tena kwa chini yangu, nikashangaa anafanya nini huko. Kisha kamba ikanikaza tumbo pumzi ikanitoka. Nilining'inia nikazunguka taratibu, na juu ya kichwa changu ishirini na nne ilikuwa imekaa ndani ya ufa bila wasiwasi wowote. Mjomba chini alikuwa ameungua viganja kwa kushika kamba. Hakunipigia kelele. Aliniuliza kama naweza kuendelea, nikasema naweza, nikaendelea huku nikilia. Tangu siku hiyo nilikiamini kile kipande cha chuma kuliko ninavyoamini watu wengi, na sioni aibu kusema hivyo.

Vifaa vilibadilika, kama kila kitu. Walikuja wapandaji kutoka Nairobi na vipande vya aluminiamu vinene juu, chini vyembamba kidogo, vyepesi mno, vyenye waya badala ya kamba. Ni nati ile ile iliyosoma shule. Halafu wakaja na kile ambacho binti yangu anakiita kamu: mataya manne ya chuma kwenye kijiti kimoja, yakisukumwa na springi. Ukivuta kifyatuo yanajikunja, unakiingiza kwenye ufa hata usio na mahali pembamba, unaachia, yanatanuka. Kadiri unavyovutwa chini ndivyo yanavyosukuma pande zote mbili. Mjomba alikishika akakigeuza na kukirudisha. Alisema kitu chenye springi kina siku yake ya kukataa, na kama hakina siku hiyo basi springi zote alizowahi kufunga kiwandani zilimwonea.

Mimi, kwa sababu nafundisha karakana na najiona najua, niliamua kujitengenezea kamu yangu. Nilichonga mataya kwa bamba la chuma nikayapa duara la kawaida. Nikaipachika kwenye ufa mita moja kutoka ardhini, nikaikalia kwa uzito wangu wote. Ilichomoka kama mbegu ya papai ikibanwa vidoleni, nami nikaketi kwenye mavi ya ng'ombe. Binti yangu, aliyekuwa ndio kwanza ameanza kidato cha tatu, ndiye aliyenieleza kwamba mkunjo wa taya lazima uwe kama wa nyumba ya konokono, unaopanuka kwa mwelekeo ule ule, ili pembe ya kushika isibadilike ufa ukiwa mpana au mwembamba. Alinichorea mezani kwa mafuta ya kupikia. Nilikasirika kwanza, halafu nikajivuna.

Sasa binti huyo ana miaka ishirini na nne, anafanya kazi Nairobi, na anapanda miamba vizuri kuliko sisi wawili tulivyowahi kupanda. Miaka saba iliyopita, magoti ya mjomba yalipokataa kabisa, alinikabidhi nati zake mbele ya mkewe, akazitundika shingoni mwangu kama mtu anayemvisha mshindi shada, na hakusema neno. Nami sikuuliza neno. Nilizipeleka stoo.

Mwaka huu macho nayo yakaanza kumwacha. Ni glakoma, na daktari alimweleza wazi kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Siku hizi anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Alikuja kwangu, barabara ya kwenda Malava, na kabla hajaketi akasema shida yake. Alitaka mjukuu apande ule ufa kwa nati zile saba, naye akae chini atazame, kabla tundu halijaziba. Hakuwahi kuniomba kitu chochote maishani mwake. Binti yangu, aliyekuwa amekuja likizo ya wiki moja, alikubali kabla sijafungua mdomo. Ikapangwa Jumamosi asubuhi.

Jumanne nilikwenda stoo kuzichukua. Niliwasha tochi ya simu nikanyoosha mkono, kisha nikausimamisha hewani. Betri ya sola ni ile ya zamani, ya kuongezwa maji, na vichwa vyake vilikuwa vimeota unga mweupe. Mara ngapi niliisikia ikichemka jua likiwa kali. Mikia ya kamba za mjomba ilikuwa imelala juu ya mfuniko wa betri, kwa miaka saba.

Nafundisha vijana mambo ya vyuma na vifaa. Kila muhula nawaambia kwamba asidi ya betri inakula nailoni na jicho lisione. Nimewahi kumfukuza mtu karakanani kwa kuweka mkanda wa kuinulia injini karibu na betri. Na nyumbani kwangu mwenyewe niliiweka betri pale, kwa mikono hii.

Kamba zilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililonitisha. Rangi ilikuwa hai, nyuzi hazijachomoza, mafundo yamekaza. Nilichukua moja nikaenda nayo karakana, nikaifunga kati ya ndoano ya winchi na injini ya trekta iliyokufa. Nilivuta mnyororo. Injini haikuondoka sakafuni. Kamba ilikatika bila kelele, kama uzi wa gunia lililooza, na nusu mbili zikalala pale chini. Nikaketi juu ya ile injini. Niliona Jumamosi yote: binti yangu juu pale ufa unapopinda kushoto, mkono unalowa, na ishirini na nne inabaki ndani ya jiwe imeshika vizuri sana, haina kamba.

Mtu mwenye akili angempigia mzee simu saa ile ile. Mimi nilianza kupanga uongo.

Sikuweza kufikiria nimwambie vipi. Kwamba kitu alichonivisha shingoni nilikitundika juu ya asidi? Mtu ambaye anapoteza macho, nimwambie kwamba na kile alichobakiza kimekufa, na mimi ndiye niliyekiua? Binti yangu alikuwa na kamba mpya kwenye begi lake, nzuri, za kazi hiyo hiyo. Alisema tuzifunge hizo na tumweleze kuka, ndivyo anavyomwita babu yake huyu, mambo yalivyo. Nikamwambia huyo ni mjomba wangu, nitamalizana naye mimi, na yeye ashughulike na miguu yake. Alinitazama jinsi anavyonitazama siku hizi, kama mwalimu anayesubiri mwanafunzi ajisahihishe, akaniachia kamba.

Nikafanya kazi yangu vizuri kama mwizi. Nilizichemsha kamba mpya kwenye majani ya chai mpaka rangi ikafifia. Nikazisugua kwa udongo. Nikapima kila kitanzi cha zamani, nikakata kamba mpya ili kitanzi kilingane, kwa sababu mjomba anajua urefu wa vitu vyake kwa mkono. Mafundo nikayavuta yakakaza, na kamba mpya ilivyo nene, mikia ikabaki mifupi. Nilipomaliza nilizitundika nikazitazama, na Mungu anisamehe, nilijipongeza.

Jumamosi anga ilikuwa safi, kama inavyokuwa huku asubuhi kabla mvua haijajikusanya. Mjomba alikuwa ameshafika, ameketi kwenye kiti cha plastiki alichoazimwa na wajukuu wa yule mama wa wimbi. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Nikamkabidhi nati, maana ni yeye aliyepaswa kumpa mpandaji, na hilo angalau nilikuwa nimelifikiria kwa heshima.

Hakuzitazama. Alifumba macho akaanza kuzipitia kwa vidole, moja baada ya nyingine, akizitaja kwa sauti ndogo, kumi na tatu, kumi na saba. Kwenye kumi na tisa vidole vilisimama. Akarudi kwenye kumi na tatu. Akapitia zote saba tena, sasa si nati, bali mafundo.

"Nani alifunga hizi?" akauliza.

Nikasema ni mimi. Uongo wangu wote, chai na udongo na vipimo, haukudumu hata dakika tano. Nikamweleza yote pale pale, betri, unga mweupe, injini ya trekta. Kipande cha kamba ya zamani kilikuwa mfukoni mwangu, kwa sababu hata baada ya hayo yote sikuweza kutupa kitu cha khotsa. Nikamwekea mkononi. Akakivuta kwa mikono yake ya uzee, kikakatika.

Nilingoja anigombeze kwa ajili ya betri. Au anilaumu kwa kumdanganya mtu asiyeona vizuri. Alikuwa na haki zote mbili.

"Hizi za zamani zimekaa miaka saba?" akauliza. "Hukubadilisha hata mara moja?"

Nikamwambia sikuthubutu. Ni kitu alichonipa yeye.

Akageuza uso wake kunitafuta, akanikosa kidogo, akasema na bega langu. "Mimi nilikuwa nabadilishanga kila mwaka. Kila mwaka, mwana wa dada. Kamba nilikuwa natupanga, natia ingine. Ile uliangukanga nayo ukiwa msichana, ilikuwa na miezi mbili tu. Nilidhani unajua. Si wewe ndiyo mwalimu?"

Miaka yote hiyo nilidhani nimetunza kamba iliyoniokoa, kumbe iliyoniokoa ilitupwa jalalani kabla sijamaliza chuo, na aliyeitupa hakuiwaza tena.

Kisha akafanya lile ambalo bado linanichoma nikilikumbuka. Aliinua kitanzi kimoja akanishikisha ncha za fundo, vidole vyangu ndani ya vyake. "Na hii fundo haina mkia," akasema. "Ikivutwa kwa nguvu inateleza, inafunguka. Ulikata ndiyo ifanane?"

Nikasema ndiyo, nilikata ndiyo ifanane.

"Mtoto angepanda na hii," akasema, kwa upole tu, akaziweka nati mapajani.

Binti yangu husema angeyaona mafundo yale kabla ya kupanda, na najua angeyaona, ndiyo kazi yake. Lakini mimi najua pia kwamba nilikaa mezani siku tatu nikishughulika na rangi na urefu, mimi ninayefundisha watu mafundo, na wala sikuangalia kama yatashika. Nilitaka mzee asiumie. Nililitaka hilo kuliko nilivyotaka mwanangu awe salama, na sikujua nalitaka kiasi hicho mpaka pale.

Mjomba akamwita mjukuu wake. Alimketisha chini kwenye jiwe lile la kuanikia, akamwambia afungue mafundo yote saba na kuyafunga upya mwenyewe, maana anayepanda ndiye anayefunga. Vitanzi vikatoka vifupi kuliko vya zamani. Kila kimoja alikipitisha kwenye vidole vya mzee. Sita vilipita. Cha saba, cha mama mkwe, alikirudisha, na binti yangu akakifunga tena bila kubisha. Mimi anabishana nami hata kuhusu chumvi.

Alipanda. Nilishika kamba yake, macho yangu juu mpaka shingo ikauma. Mjomba alijaribu kutazama kwa lile tundu lake la ufunguo, akampoteza mara ya kwanza, akampata, akampoteza. Mwishowe aliacha. Aliegemea kiti akainamisha kichwa, akawa anasikiliza. Nati ikiingia kwenye ufa hutoa mlio, na kila moja ina mlio wake kwa ukubwa wake. "Kumi na tisa," akasema. Nikatazama. Ilikuwa kumi na tisa. "Thelathini." Ilikuwa thelathini.

Juu, kabla ya ule mpindo wa kushoto, ufa unakuwa sawasawa kwa urefu wa mtu, haupanuki wala hauwi mwembamba, na nati haipati pa kubana. Pale mjomba alikuwa akipanda bila kitu. Binti yangu alisimama. Nikasikia springi zikilia.

"Hiyo ni nini?" mjomba akauliza kwa sauti.

"Ni kamu, kuka," akajibu kutoka juu. "Yangu."

"Imeshika?"

"Imeshika."

"Basi, endelea."

Pale nilipoangukia aliweka ishirini na nne. Sikuhitaji kuambiwa, niliisikia hata mimi. Akapita bila kuteleza, akafika juu, akajifunga kwenye mti, akanivutia kamba. Ilibaki kazi ya mtu wa pili: kupanda nyuma na kuzitoa nati zote, ili jiwe libaki lilivyokuwa. Nina miaka hamsini na mbili na magoti yanayofuata njia ya mjomba. Nilipanda kwa kutukana na kupumzika. Kwenye mpindo nililia tena, sijui kwa nini, huenda ni kwa sababu mwewe hakuwepo. Ishirini na nne ilikataa kutoka. Kutoka chini mjomba akanikumbusha niigonge kwenda juu, polepole, nisishindane nayo. Ikatoka.

Nilipofika juu nilikuwa na nati zote saba shingoni, jinsi alivyonivisha yeye. Binti yangu akanisaidia kuketi. Tukautazama mji na mashamba ya miwa, na mawingu yaliyokuwa yameanza kujikusanya upande wa msitu. Nilizivua nikamvisha. Alipoanza kukunja kamba yake nikajua anadhani sherehe imeisha, jinsi nami nilivyodhani.

Nikamwambia kamba hizo ni za kutupwa. Mwaka ujao azikate, atie nyingine, na asiniulize wala asimwulize mtu, na asizitunze kwa sababu nimempa mimi, wala kwa sababu kuka alizishika. Nilisema kwa sauti kubwa, neno kwa neno, ili na mzee chini asikie.

Tulidhani amesinzia kwenye kiti chake. Sauti yake ikapanda taratibu kwenye jiwe.

"Asingoje mwaka," akasema. "Miezi sita. Huko kwenu kuna betri."